Ng'ombe Wangapi Wanakunywa Hapo?

Kisaju,
4 Juni 2025

Nalangu, mtoto wa dada yangu, takwenya!

Najua umeijibu salamu yangu kwa sauti, "iko," hapo Loitokitok hata kama wenzako wa ofisi ya mifereji wamegeuka kukuangalia. Huku tuko wazima. Mama yako mguu umepona, na dalili yake ni kwamba jana alinifukuza na mwiko kwa sababu nilisema chai yake siku hizi ni nyepesi. Mbuzi wawili wamezaa. Mimi mwenyewe nimenona mpaka watu wa Kisaju wananiuliza ninakula nini.

Tepu yako ya kupimia imefika. Mwongeli ameileta kwa lori lake, juu ya kreti za nyanya, akaniambia, "Mzee, mtoto wako ametuma nyoka." Nikamwambia hiyo ni mashine ya serikali, asiishike na mkono wa nyanya. Lakini nikuambie ukweli, mimi tepu sihitaji. Nikitupa kokoto kisimani nikasikia mlio, ninakupa kina mpaka kidole cha mwisho. Mwaka fulani mhandisi Mjerumani alikuja Isinya na kompyuta yake tukashindana. Mimi nilikosea kwa upana wa ukucha. Yeye alikosea mita mbili, akaketi chini akalia. Lakini umesema kwenye kikao karatasi ndiyo inasikizwa, simu ni hewa tu. Basi wacha iwe karatasi.

Maneno yenyewe ni haya. Yale machimbo ya kokoto ng'ambo ya korongo yamefika chini ya maji. Wamefunga pampu kubwa inanyonya shimo lao likauke ndio wachimbe, na maji wanapeleka kwa bwawa la plastiki nyeusi kule juu, la kuoshea kokoto. Sasa wameomba ruhusa kushusha pampu mita sita zaidi. Kikao cha ofisi ya maji ni Oktoba, hapa kwa chifu. Na kisima alichochimba baba yako kinashuka. Leo, kutoka mdomo wa kisima mpaka maji, ni mita 9 na sentimita 40. Kisima chenyewe ni mita kumi na tano, unajua. Mama yako amesema kikikauka atauza shamba akapange chumba Kitengela. Amelisema mara moja tu, na sauti ya chini. Unamjua.

Sitakubali. Mimi niko hai.

Apu wako, ndugu ya mama yako,
Emmanuel ole Tipape


Loitokitok,
15 Juni 2025

Apu wangu,

Iko! Na ni kweli waligeuka.

Nafurahi mguu wa mama umepona. Mimi niko salama, baridi ya mlima tu ndiyo inanisumbua, na wakulima wanaogombania zamu ya mfereji kila Jumatatu.

Asante kwa kipimo. Sasa tafadhali fuata haya mambo mawili. Kwanza, upime kila Jumatano asubuhi, kabla mtu yeyote hajateka, maji yakiwa yametulia. Ukipima baada ya ng'ombe kunywa, utakuwa umepima kiu ya ng'ombe, sio maji ya ardhini. Pili, niandikie ng'ombe wangapi wanakunywa hapo. Kampuni itasema mifugo ndiyo inamaliza kisima, na ninataka tuwe na jibu tayari.

Mengine ni ya kawaida. Msalimie mama. Mwambie sweta imefika na inanitosha.

Nalangu


Kisaju,
29 Juni 2025

Nalangu, takwenya tena,

Tuko wazima. Mama yako amefurahi juu ya sweta, lakini amesema kama ungekuwa unakula vizuri isingekutosha.

Kupima kabla ya ng'ombe kulileta vita. Mama yako alisimama mbele ya kisima na mikono kiunoni. "Chuma hakitatangulia mdomo wa ng'ombe kwa maji ya mume wangu." Nikamwambia ni amri ya mtoto wako. Akasema, "Huyo nimemzaa mimi, sio yeye amenizaa." Basi nikatumia akili, ile ilinifanya mwalimu wa darasa la sita aniambie nisirudi tena maana nimemaliza. Wakati wa kiangazi ng'ombe wanakunywa leo, kesho wanapumzika. Nikapanga Jumatano iwe siku ya kupumzika. Hapo hakuna mdomo wa kutanguliwa. Mama yako akaniletea chai. Nyepesi.

Jumatano ya juzi, 9.75. Jumatano hii, mita kumi kamili. Nimeandika na kalamu ya wino.

Juu ya hesabu ya ng'ombe, mtoto wangu, umesoma mpaka umesahau? Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, ni kuwaitia kifo. Andika "wa kutosha." Ile fahali yangu nyekundu peke yake ilisimamisha lori la kokoto wiki jana. Ilisimama barabarani tu ikaangalia taa. Dereva akarudi nyuma mpaka Isinya.

Lingine. Mtu wa kampuni amenitembelea, kijana mmoja anaitwa Hiram, afisa wao wa mazingira. Ana heshima. Alinivalisha ile kofia ngumu ya njano, akaniita Mzee wa Maji mbele ya wanaume wote sokoni. Alikuwa na fomu ya maswali. Nilimjibu kama mwanaume.

Apu wako


Loitokitok,
20 Julai 2025

Apu,

Iko. Natumaini baridi ya Julai haijawaumiza mbuzi wadogo. Hiyo hesabu ya siku ya kupumzika ni nzuri sana. Nimemwonyesha mkubwa wangu na amesema una kichwa.

Lakini vipimo vinanitisha. Sentimita ishirini na tano kwa wiki ni nyingi.

Naheshimu mwiko wa kuhesabu. Usiwahesabu kwa mdomo basi, niandikie tu kwa karatasi, namba moja, halafu uikunje. Na uniambie ulijibu nini kwa ile fomu.

Nalangu


Kisaju,
3 Agosti 2025

Nalangu,

Takwenya. Mwambie mkubwa wako asante, na kama wana mfereji umewashinda wanipigie.

Mama yako ni mzima. Ndoo sasa inarudi na matope, anachuja na leso mara mbili. Kisima cha jirani wa juu kimekufa kabisa, wananunua maji ya boza, lile lori la tangi. Mimi nimeenda mpaka ukingo wa shimo la kampuni nikapigia pampu kelele, na nakwambia ilizima. Ilizima dakika nzima! Wafanyakazi walikimbia.

Jumatano hii ni 11.10.

Uliniuliza mengine. Fomu ilikuwa na maswali mengi, sikumbuki yote. Umri, dini, choo, mambo kama hayo. Ng'ombe wako vizuri. Wengine, kama unavyojua, wako kwa rafiki yangu kule Mbirikani tangu ukame, na wa baba yako wako humo, na wamezaa sana. Mama yako namwambia kila wakati.

Jua limekuwa kali, nikomee hapo.

Apu


Loitokitok,
24 Agosti 2025

Apu,

Iko. Niko mzima. Natumaini nyinyi pia.

Ripoti ya kampuni imetolewa, mtu yeyote anaweza kuisoma. Nimeisoma yote. Ukurasa wa thelathini na moja unasema kisima cha Namunyak, yaani cha mama, kinanywesha ng'ombe themanini. Wamepiga hesabu. Ng'ombe mmoja lita arobaini, themanini ni lita elfu tatu na mia mbili kila siku ya kunywa. Kwa upana wa kisima chetu hiyo ni karibu mita tatu za maji. Wamehitimisha kwamba pampu yao haina hatia, mifugo ya jirani ndiyo inamaliza maji. Chini ya ukurasa kuna sahihi. Ni yako, na ile mikia miwili unayoweka kwa herufi ya mwisho.

Apu, kwa mwandiko wako wametengeneza ushahidi dhidi ya mama.

Kuna lingine. Jumamosi nilikuwa Mbirikani kwa kazi. Nikamtafuta rafiki yako. Mke wake alinipa maziwa, akanisalimia vizuri sana. Akaniambia hawajawahi kuweka ng'ombe wetu hata mmoja.

Sijamwambia mama. Ninakuuliza kwa mara ya tatu, na kwa heshima yote. Ng'ombe wangapi wanakunywa hapo?

Nalangu


Loitokitok,
14 Septemba 2025

Apu,

Mwongeli amerudi mara tatu bila barua yako. Amesema alikuona Kisaju ukapita upande mwingine wa barabara.

Hata kama hutaki kuniandikia, fanya hivi kwa ajili ya kisima. Siku nne mfululizo ng'ombe wasinywe hapo, na mama asiteke hata kikombe. Upime kila asubuhi saa moja. Kama ng'ombe ndio wanamaliza maji, maji yatapanda. Kama ni pampu, yataendelea kushuka. Mtu mwingine awepo aweke sahihi pembeni, mtu asiye wa familia. Kikao ni tarehe tisa Oktoba. Hatuna jaribio lingine.

Na usiongeze hata sentimita moja.

Nalangu


Kisaju,
28 Septemba 2025

Nalangu,

Takwenya. Mama yako ni mzima. Mbuzi mmoja alikufa.

Vipimo kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo ninaweza kuandika bila mkono kusimama.

Jumatatu tarehe 22, ni 12.10. Jumanne, 12.22. Jumatano, 12.31. Alhamisi, 12.43. Ng'ombe nilipeleka kwa Abdinoor, yule mfanyabiashara wa mifugo wa pale Kitengela, wakanywa kwa birika lake la soko. Mama yako alinunua maji ya boza siku zote nne, akanung'unika siku zote nne. Hakuna aliyeteka. Abdinoor alikuja kila asubuhi akaweka sahihi. Siku ya tatu aliniambia, "Emmanuel, leo umesema sentimita tisa tu? Wewe ni mgonjwa?" Sikuongeza kitu. Yalishuka yenyewe, na pampu ya kampuni wiki hiyo ilinguruma usiku na mchana.

Sasa hilo lingine.

Ukame ule mwaka wa 2022 tulitoka hapa na ng'ombe sitini na watatu. Kumi na tisa walikuwa wa baba yako, alioniachia mkononi kabla hajafa. Tulienda mpaka upande wa Chyulu na majani hayakuwa huko. Nilikuwa naamka naona wamelala, halafu nagundua hawajalala. Nilikuwa nawainua kwa mkia, nawaegemeza kwa bega langu, na wanaanguka upande ule mwingine. Kuna siku moja walianguka saba. Nilirudi na watano. Nilipofika Kisaju mama yako alikuwa amesimama kwa lango, akauliza wengine wako wapi, na mdomo wangu ukasema Mbirikani. Sijui ulitoa wapi hilo jina. Baada ya hapo kila mwaka nimekuwa nikizalisha ng'ombe ambao hawapo. Nimempa mama yako ndama wengi sana kwa maneno.

Huyo Hiram aliponiuliza, wanaume walikuwa wamesimama hapo wananiangalia, na ile kofia ilikuwa kichwani. Nikasema themanini. Ningeweza kusema hata mia, nilijizuia.

Wanaokunywa hapo ni kumi na mmoja. Watano waliobaki na sita waliozaliwa. Nimekuandikia na sijakunja karatasi.

Tarehe tisa nitasimama niseme.

Apu wako


Loitokitok,
3 Oktoba 2025

Apu,

Iko.

Nililia juu ya wale saba, halafu nikapiga hesabu. Kumi na mmoja wanakunywa lita mia nne na arobaini. Hizo ni sentimita arobaini za maji, na kesho yake zimerudi. Na wakati hawakunywa kabisa maji yalishuka sentimita thelathini na tatu. Hakuna mtaalamu anayeweza kuruka hapo. Nimechapisha kila kitu, nakala tano, ziko ndani ya bahasha hii. Sipewi ruhusa kutoka kazini, kwa hivyo ni wewe peke yako.

Lakini watasema mbona ulisaini themanini. Itabidi ujibu hilo mbele ya watu wote, na mama atakuwa hapo. Mwambie kabla. Asisikie kwa kipaza sauti. Tafadhali, Apu. Hilo ndilo ninalokuomba, kuliko hata kisima.

Nalangu


Kisaju,
12 Oktoba 2025

Nalangu, mtoto wa dada yangu, takwenya sana.

Mwongeli ananisubiri na injini inawaka, lakini nimemwambia nyanya zinaweza kungoja.

Nianze na kosa. Sikumwambia mama yako. Nilienda mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anakamua. Mara ya pili alinipa chai nikainywa yote, nikasema asante, nikaondoka. Mara ya tatu nilifika kwa lango nikarekebisha bawaba ambayo haikuwa imeharibika. Kwa hivyo alisikia kwa kipaza sauti. Nimekukosea hapo na sina hadithi ya kufunika.

Kikao kilijaa. Hiram alisoma ripoti yake vizuri, na alipofika kwa ng'ombe themanini wanaume walinigeukia na heshima. Nalangu, nilihisi ile heshima. Ilikuwa tamu bado. Mwenyekiti akauliza kama kuna jirani ana neno, nikasimama.

Nikasema, "Hiyo namba ya themanini ni uongo, na mwenye uongo ni mimi."

Watu wakacheka. Hiram akasema kwa upole, "Mzee, hii si sahihi yako?" Nikasema ni yangu, angalia mikia. "Sasa tuamini Mzee yupi, wa Juni au wa leo?" Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Nikasema, "Usiamini yeyote. Ng'ombe wako nje."

Nilikuwa nimewaleta, wote, wamesimama kwa ua wa chifu. Mwenyekiti alitoka, wazee wakatoka, mama yako akatoka na leso yake. Na mimi, ambaye sijawahi kuhesabu ng'ombe kwa mdomo tangu nizaliwe, niliweka mkono mgongoni mwa mmoja mmoja nikaita. Narok, mmoja. Naibor, wawili. Mugie, watatu. Mzee mmoja alifunika masikio. Nikamgusa Sambu, tisa. Nanyokie na ndama wake. Kumi na mmoja. Kisha Abdinoor, huyo hana adabu, akapaza sauti: "Wallahi na mimi nimekuwa nikimkopesha heshima ya themanini!" Hapo hata mwenyekiti alicheka.

Nikatoa karatasi zako. Mwenyekiti alisoma zile siku nne mara mbili. Akamuuliza Hiram: ng'ombe hawakunywa, mama hakuteka, maji yalienda wapi? Hiram alifungua kitabu chake, akafunga. Akasema, "Kuna uwezekano wa mchango wa pampu." Mwenyekiti akasema andika bila uwezekano.

Uamuzi ni huu. Pampu haishushwi. Kampuni itachimba mabomba matatu ya kuangalia maji kati ya shimo na kwetu, na maji ya lile bwawa, sehemu yake, yarudishwe kwa mtaro kando ya korongo yazame ardhini. Kisima chetu kikifika mita 13 pampu inazimwa mpaka maji yapande. Kila Jumatano mimi na Hiram tutapima pamoja, wote wawili tunaweka sahihi. Alikuja kunishika mkono. Nilimrudishia kofia yake, akakataa, akasema ni ya kazi. Leo tuko 12.58, kwa hivyo usidhani tumelala. Bado kuna vita.

Sasa mama yako.

Tulirudi nyumbani. Alitembea mbele, mimi na ng'ombe nyuma. Siku ya pili hakuleta chai. Jana asubuhi alikuja kwangu na fimbo ya baba yako mkononi. Nikaanza kueleza juu ya Chyulu, nikamwambia juu ya wale saba. Alisikiza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka mitatu nimekuwa nikiombea ndama wa Mbirikani wapate majani. Nimewaombea kwa majina uliyonipa."

Akasema, "Nimesikia umehesabu kumi na mmoja. Ninachukua wanne. Ninachagua mwenyewe."

Akaingia zizini. Alichagua Narok. Alichagua Nanyokie na ndama wake. Halafu akazunguka polepole mpaka kwa fahali yangu nyekundu, ile ninayokuandikia, akaigonga na fimbo mgongoni, ikamfuata kama mbuzi. Lango akaacha wazi. Nikamuuliza kama shamba bado anauza. Akasema, "Mtu mwenye ng'ombe wanne na kisima anauza shamba aende wapi?"

Kwa hivyo Hiram akija Jumatano na fomu mpya, na akikuandikia wewe kuuliza, jibu lake ni hili. Emmanuel ole Tipape, wa Kisaju, ana ng'ombe saba.

Apu wako